Paa na Wanaume Waliotoka Nje

Katika darasa letu la umeme chuoni nilikuwa msichana peke yangu, na sikuona ajabu yake mpaka nilipoajiriwa. Bosi wangu, mwenye duka la sola Lushoto mjini, aliniweka kwenye kipindi cha majaribio. Aliniambia wazi: paa moja likinishinda, nitabaki dukani kuuza taa na betri. Wavulana aliowaajiri pamoja nami hakuwapa sharti hilo. Nilipouliza kwa nini, akacheka. Sikukipenda kicheko chake.

Nyumba ya kwanza niliyotumwa peke yangu ilikuwa upande wa Rangwi, ya mzee mmoja mkulima wa viazi. Nilimpa shikamoo, akaitikia vizuri, kisha akatazama njiani nyuma yangu.

"Fundi anakuja?"

"Ni mimi, baba."

Mzee akaeleza, bila ukali wowote, kwamba kwao mwanamke hapandi juu ya paa wakati mwanamume yumo ndani. Ni mwiko. Baba yake aliushika, naye anaushika.

Ningeweza kumpigia bosi simu alete mvulana, halafu nirudi nikapange betri kwenye rafu mpaka nizeeke. Lakini nilikuwa nimepanda kile kilima na paneli mgongoni, na nilikuwa nimekasirika.

"Sawa, baba. Basi tokeni nje."

Mkewe alijiziba mdomo kwa kanga. Mzee alifikiri kidogo, akachukua kigoda na mwavuli wake, akatoka. Wanawe wawili wakamfuata, watu wazima wenye ndevu zao. Wakakaa uani kwenye manyunyu, wameipa nyumba mgongo. Mama akanishikia ngazi.

Nilifunga paneli, nikapitisha nyaya, nikashuka. Nilijaribu taa zote, zikawaka. Mama akanimiminia chai, tukaongea habari za wajukuu zake walioko shule. Nilidhani wale wa nje wamenuna, nikawaacha wanune. Nilikuwa kwenye kikombe cha pili mzee alipopiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, kanzu imelowa mabegani.

"Fundi, umemaliza? Tunaweza kuingia?"

Kumbe walikuwa wakisubiri niwaruhusu. Nilifurahi, sifichi. Hata hivyo niliona ni upuuzi nyumba kuhamwa ili mimi nikaze boliti chache, wakati mvulana angepanda na wenyewe wakiendelea kula viazi vyao ndani.

Bosi alinithibitisha kazini bila maneno mengi, na wiki iliyofuata akanituma kwa jirani wa mzee yule. Nilipofika, wanaume wa nyumba hiyo walikuwa wameshakaa uani na viti vyao, ngazi imeegemezwa ukutani tayari. Mawingu mazito yalikuwa yakishuka kutoka msituni. Niliwaamkia wote, nikapanda. Siku hiyo sikuharakisha.