Ijumaa Niliyoacha Kubandika Ukurasa

Nilitoka Kigoma kwa treni, siku tatu nimekalia begi, nikafika Buguruni na daftari la michezo niliyoibuni mwenyewe: ya kete, ya karata, ya vizibo vya soda. Kila Ijumaa nilibandika ukurasa wenye mchezo mpya na kanuni zake kwenye ukuta wa kijiwe cha kahawa. Wasomaji walikuwa saba. Nikavimba kichwa.

Nikaamua kuhamishia ukurasa Jumatatu bila kumwambia mtu, ili waone umuhimu wangu. Ijumaa hiyo, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, nikajificha nyuma ya pazia la fundi cherehani jirani, nisikilize watakavyoniulizia.

"Huyu bwana hajakosa hata Ijumaa moja," alisema Mzee Shomari, muuza kahawa. "Hana ndugu hapa mjini. Akiugua nani atajua?"

Wakaenda chumbani kwangu, wakakuta kufuli. Mzee, na mguu wake mbovu, akaacha dele lake la kahawa akaenda hospitali kunitafuta. Nilitaka kutoka nimzuie. Aibu ikanishika, nikabaki.

Alirudi alasiri akichechemea. "Nimepita wodi zote. Hayupo."

Fundi akashindwa kuvumilia, akavuta pazia. "Mzee, huyu hapa. Anakula kashata."

Nikasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu taratibu. "Mwanangu, mchezo huu hukutuandikia sie kanuni zake."

Jumatatu sikubandika kitu. Kwa aibu nilipanda treni ya Kigoma, na sijarudi Buguruni.