Tokeni ya Marehemu

Wiki ile magoti yalinisumbua, na ofisi yetu karibu na bandari iko ghorofa ya pili. Nilikuwa nasema bismillahi kwenye ngazi ya kwanza na alhamdulillahi kwenye ya mwisho. Katikati sikuwa na pumzi ya kusema kitu.

Nilistaafu ukarani nikadhani nimemaliza. Lakini kompyuta nilijifunza nikiwa mtu mzima na nikaipenda, na wenye maghala ya korosho walipotafuta mtu wa kuutunza mfumo wao, wakaniita kwa mkataba. Nashukuru. Wenzangu wa rika langu wengi wanaomba kazi ya kukaa tu.

Mfumo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila kijiji kina karani mwenye simu. Korosho zikifika kwenye ghala la kijiji, karani anahesabu magunia, anatuma hesabu, na kuomba lori la kuyaleta mjini kabla ya mnada. Ombi lake hupitia mlango mmoja ambao mafundi huuita API. Mlangoni pana mlinzi, naye ni programu tu, anayetaka kuona tokeni. Tokeni ni mfuatano wa herufi na tarakimu ambao karani hupewa siku anapoandikishwa, na simu huuonyesha yenyewe bila yeye kujua.

Tangu mwanzo mlinzi wetu alikuwa akiisoma tokeni na kuiamini. Muhuri ni wetu, tarehe haijapita, basi pita. Na tarehe niliiweka mimi: msimu mzima. Vijiji vya kando ya Ruvuma mtandao wake ni wa kubahatisha, mara simu inashika mnara wa Msumbiji, mara haishiki kitu, na sikutaka makarani wahangaike kujitambulisha upya kila siku. Niliwahurumia. Huruma isiyo na hadhari nayo ni kosa. Nilifundishwa hivyo chuo cha Kurani, nikalisahau kazini.

Kosa lilionekana pale karani mmoja wa upande mwingine wa mkoa alipoachishwa kazi. Wiki mbili baadaye malori yalikuwa bado yanatoka kwa amri yake. Wakaguzi wakaja. Wakasema mlinzi asiisome tokeni na kuiamini tena. Kila ombi likija, aiulize kwanza seva iliyoitoa: hii bado iko hai? Ni ya nani? Anaruhusiwa kufanya nini?

Vijana wa ofisini waliona ni jambo geni. Mimi halikunishangaza. Bibi aliyenisomesha Kurani alikuwa hakubali ijaza, ile ruhusa ya kusomesha, kwa kuiona tu. Mtu akija na karatasi ya mwalimu wa Lindi, bibi alituma salamu Lindi kuuliza. Alisema karatasi haijui kama mwalimu bado yu radhi.

Tulipewa mpaka Jumatatu. Siku chache kabla ya hapo tulimweka mlinzi mpya awe anauliza tu bila kumzuia mtu. Aliandika majibu, ili tuone nani atazuiwa siku ya kufunga mlango. Alhamisi mwenzangu, fundi kutoka Mbeya, Mkristo mwenye adabu na mdomo usiotulia, akaniita.

"Bi Mkubwa, njoo uone. Tuna mtu amekufa na bado ni mchapakazi kuliko mimi."

"Usifanye mzaha na maiti."

"Si mzaha. Soma mwenyewe."

Nikavaa miwani. Ilikuwa tokeni ya karani wa kijiji kimoja kupita Mahurunga. Jibu la seva lilikuwa: si hai. Miezi miwili nyuma chama chao cha ushirika kilileta taarifa ya msiba, na mimi mwenyewe nikamtoa marehemu kwenye rejista, nikadhani yamekwisha. Lakini mlinzi wa zamani hakuwa akiitazama rejista. Tokeni ya marehemu ilikuwa imepita kila siku, na hesabu zake zilikuwa safi kuliko za vijiji vyote. Hakuna gunia lililozidi wala kupungua.

Nikampigia mwenyekiti wao.

"Ah, huyo ni mkewe," akasema, kama naulizia jambo linalojulikana na kila mtu. "Yeye ndiye aliyekuwa anahesabu tangu zamani. Mzee macho yalikuwa yamekwisha. Watu wanafika dirishani kwake, wanamtajia magunia yao, anatuma."

"Mbona hamkumwandikisha yeye?"

"Yuko eda, Bibi, hatoki nyumbani. Na kuandikishwa ni huko kwenu mjini, picha na vidole."

"Hakuna mwingine?"

"Mwingine nani? Nikihesabu mimi, magunia tisini yanakuwa mia na kumi. Tutagombana mpaka makaburini."

Hapo nikaona mzigo ulivyo. Jumatatu mlango ukifungwa, korosho za kijiji kizima zingebaki kule. Mnada ulikuwa Alhamisi ya wiki inayofuata, mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika, na ghala lao, nilijua, linavuja. Nilikwenda kwa meneja kuomba siku. Akasema tarehe ni ya wakaguzi, si yake.

Mwenzangu alikuwa na dawa nyepesi. "Mstari mmoja tu, Bi Mkubwa. Tokeni hii ikija, mlinzi asiulize. Mama akimaliza eda tunaufuta."

"Imebaki miezi miwili na ushei."

"Nani atauona?"

Nitasema kweli, nilitamani. Nilikuwa nimechoka, na mstari mmoja huandikwa kwa dakika moja. Lakini mstari ule ungekuwa ushahidi wangu, asubuhi na jioni, kwamba mtu aliyezikwa yu hai. Na mlango wenye tundu la huruma nilikuwa nimeshautengeneza mara moja.

"Kama yeye haji," nikasema, "sisi twende."

Jumamosi tukaondoka na gari la ofisi na mashine ya vidole. Tulipofika, mwenzangu akabaki nje na wanaume, kwa kuwa ni nyumba ya eda. Mimi nikapiga hodi nikaingia. Mjane alikuwa mkekani, amejitanda kanga iliyofifia, anabangua korosho. Simu ya marehemu, yenye kioo kilichopasuka, ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha.

Nikampa pole, tukamwombea mzee. Kisha nikamweleza habari ya mlango, kwa lugha nyepesi kadiri nilivyoweza, na kwa haya kidogo nikaongeza, "Mama, sheria inakuruhusu kutoka mchana kwa haja. Ungeweza kuja mjini ukarudi kabla ya magharibi."

"Ruhusa naijua, Bibi. Nimesoma na mimi." Hakuacha kubangua. "Miaka thelathini na moja, hakunitoa ndani ya nyumba hii kwa ugomvi hata siku moja. Sitaki kutoka mapema."

Nilikuwa nimekuja kumsomesha mtu aliyekwisha kusoma.

Nikaitoa mashine. Kidole gumba cha kulia, mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Nikakishika kidole chake nikakigeuza kwenye mwanga. Ncha ilikuwa laini kama kokoto ya mtoni, haina hata mstari mmoja.

"Ni mafuta ya maganda," akasema. "Yamekula."

Tukaendelea. Dirishani walikuwa wamekusanyika wanawake wenye magunia yao.

"Mwambie atoe cha mguu!" mmoja akasema, wakacheka.

"Cheka tu," mjane akajibu. "Nikikosa mimi, zako utamhesabisha mwenyekiti."

Kicheko kikakatika.

Tulifika kidole cha tisa bila kitu, na mimi jasho lilikuwa linanitoka. Kikabaki kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakishiki korosho. Nikamwambia akiloweke katika maji ya vuguvugu, akikaushe, asikandamize. Mashine ikafikiri muda mrefu. Kisha ikakubali. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Picha alikubali, uso tu. Kukabaki kutuma. Mwenzangu alikuwa amepanda nyuma ya gari, ameinua mashine juu kama anayetafuta ndege.

"Bi Mkubwa, naambiwa karibu Msumbiji!"

"Geukia huku kwetu, baba!"

Ilichukua karibu saa nzima. Tokeni mpya ilipofika kwenye simu ya mjane mwenyewe, na jina lake mwenyewe, aliitazama kidogo, kisha akaitazama ile ya dirishani.

"Na hii?"

"Jumatatu saa mbili asubuhi itakataliwa."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama. Na haistahili kutumika hata leo."

Akaifuta kioo kwa pindo la kanga, akaiweka juu ya kabati.

Jumatatu saa mbili nikamruhusu mlinzi azuie. Maombi yalikwenda polepole zaidi, maana kila moja lilisubiri lijibiwe. Nilikaa naangalia orodha ikishuka. Saa mbili na robo ukatokea mstari mwekundu: kijiji kile, tokeni ya zamani, magunia arobaini. Si hai. Limekataliwa.

"Amesahau," mwenzangu akasema. Safari hii hakutania. "Nimpigie?"

"Muache kidogo."

Tukasubiri. Sijui ilikuwa dakika mbili au tatu, nilikuwa nasoma Fatiha. Kisha yakaja magunia arobaini yaleyale, kwa jina lake. Mlinzi akauliza, akajibiwa: hai. Pita.

Mwenzangu akaandika lori la kuyafuata. Chini yake kwenye orodha kijiji kingine kilikuwa kimekataliwa, nikainua simu kuwauliza kulikoni.