Jina la Mama Kwenye Karasha ya Kaka

Baba alikuwa na wake watatu, na kwetu Tarime mtoto hatambulikani kwa baba tu, bali na kwa nyumba ya mama yake. Mimi ni wa nyumba ya tatu. Kaka yangu ni wa nyumba ya kwanza, na baba alipofariki ndiye aliyeshika karasha ya kusaga mawe ya dhahabu pale Genkuru. Matanga hayajapoa, akamfukuza mama yangu kwenye boma. Alisema mbele ya wazee kwamba nyumba ile haina mtu, nami nimesimama palepale. Kazini nako akanifukuza.

Mimi ndiye niliyeitengenezea karasha ile programu ya kompyuta, ya kujua kiroba kipi cha mawe ni cha mchimbaji yupi na zamu ya nani imefika. Programu hujengwa kwa vipande, mafundi tunaviita klasi, na kila klasi huwa na jina lake na jina la nyumba inakotoka, ili zisichanganyane. Nyumba hiyo niliipa jina la mama. Sehemu inayoongea na hifadhidata niliifunga peke yake kama maktaba, kitu kilichokwisha kupikwa, hakifunguliki tena.

Kaka alileta fundi mpya kutoka Sirari. Fundi akamwambia jina la mwanamke fulani limejaa humo ndani. Kaka aliposikia ni nani, akaamuru lifutwe, liandikwe la mama yake, mke mkubwa. Fundi akabadilisha kila faili lililofunguka. Maktaba haikufunguka, ikabaki na jina la mama yangu. Asubuhi programu ikatafuta klasi za hifadhidata katika nyumba ya mke mkubwa, mahali ambapo hazikuwahi kukaa. Ikaandika kwamba klasi hazipo, ikajifunga. Fundi akavuka mpaka na simu akazima.

Kaka alinipigia mwenyewe, akaniita kijana kwa Kikurya. "Mura, njoo uangalie hii mashine. Watu wananimaliza hapa."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa nimeomba kitu kama hicho kila nilipomwona mama akipika kwenye chumba cha kupanga.

Nilikwenda taratibu. Uani wachimbaji walikuwa wamefura kwa hasira, viroba vimelundikana, na wengine walishaanza kupakia vyao kwenye pikipiki kuvipeleka karasha ya jirani. Nilisoma kosa, nikajua. Dawa zilikuwa mbili. Maandishi ya maktaba, yale ya kabla ya kupikwa, nilikuwa nayo nyumbani. Ningeweza kuipika upya kwa jina la mama yake. Hiyo sikuitaja.

"Jina mlilofuta lirudi," nilimwambia. "Kaa hapa uandike."

"Si uandike wewe? Fundi ni wewe."

"Mimi sina nyumba hapa, kaka."

Aliangalia pikipiki nyingine ikitoka getini, akaketi. Yeye huchapa kwa kidole kimoja. Nikamfungulia faili la kwanza, nikamwonyesha mstari. Akauliza jina linaandikwaje, maana miaka yote mama yangu alimwita "yule". Nikamtajia herufi moja moja, kwa sauti, wachimbaji wakiwa mlangoni. Mama aliwahi kuwauzia uji.

"Huyo si mama wa nyumba ndogo?" mmoja aliuliza.

"Ndiye," nikasema.

Kaka aliinamia kibodi, akaendelea kuchapa. Sikumwonea huruma, na mpaka leo sijamwonea. Kila faili nililomfungulia lilikuwa na mstari uleule, na kila mara nilirudia herufi zilezile kana kwamba hajawahi kuzisikia. Alipomaliza la mwisho programu ikafunguka, na zamu za watu zikaonekana kwenye kioo.

Jioni nilimsimulia mama. Aliacha kusonga ugali, mwiko mkononi.

"Ameliandika yeye mwenyewe?"

"Kila mahali, mama. Kwa kidole chake."

Akarudi kwenye sufuria, akaanza kuimba polepole. Ipo amri ya kompyuta ya kubadilisha mafaili yote kwa mkupuo mmoja. Kaka sikumwonyesha.