Siku Nilipomtangaza Fiston

Nianze na aibu yenyewe, mnicheke mapema tuendelee: mimi ndiye niliyemuua Fiston, golikipa wetu, nilimuua kwa mdomo siku ya Jumamosi mchana akiwa mzima kabisa na jezi namba moja mgongoni, na nilimuua vizuri kiasi kwamba hata mama yake mzazi aliamini. Wengi hapa Kamembe wanakisimulia kisa hiki wakishika mbavu. Mimi nikikisimulia sicheki, na mtaona kwa nini.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi cherehani, nina kibaraza changu karibu na soko, na watu wananiita Papa Neema kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nilizaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo hapo tu upande wa Congo, tukarudi Rwanda nikiwa tayari na ndevu, na kanisani kwetu kuna ibada ya Kiswahili kwa ajili ya watu kama sisi, na katika ibada hiyo nilikuwa msoma matangazo kwa miaka tisa. Harusi nilisoma, mikutano ya akina mama nilisoma, mbuzi aliyepotea nilisoma (mara moja, na alipatikana), lakini watu walinijua kwa matangazo ya msiba, kwa sababu nina sauti nzito inayotoka polepole, nikisema tu "Familia inasikitika" akina mama wanashika kichwa kabla hawajajua nani amekufa. Nilijivunia sauti hiyo, nakiri. Kuna siku nilijizoeza nyumbani mlango umefungwa, mke wangu akidhani nasali.

Sasa timu. Timu yetu ya mtaa ilikuwa imeshapoteza mechi nne mfululizo, na Jumamosi ile tulikuwa tunacheza na Gashonga, na lazima niwaeleze kwamba kufungwa na Gashonga si kufungwa tu. Wale ni wakulima, sisi tunawacheka mwaka mzima kwamba wanakimbia na mpira kama wamebeba mkungu wa ndizi, na wao wanatucheka kwamba sisi wa mjini tukikimbia dakika kumi tunatafuta taksi-moto, pikipiki ya abiria, itubebe. Jezi za timu yetu namba zake nilizishona mimi mwenyewe, kwa mapenzi tu, usiku na mchana, kwa hiyo nilipokuwa nawatazama vijana wale uwanjani nilikuwa natazama pia kazi yangu ikigaragazwa kwenye tope.

Walitufunga tatu bila. La kwanza lilikuwa la kichwa, la pili penalti, hayo tuliyameza. La tatu ulikuwa mpira uliokuja unatambaa, umechoka wenyewe, Fiston akainama kuuokota na ukapita katikati ya miguu yake. Watu wa Gashonga wakaanza kucheka, na kicheko kile kikanifuata njia nzima mpaka kibarazani kwangu.

Kibarazani ndiko tunakokusanyika baada ya kila mechi, na siku ile hakuna aliyekaa. Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumlaumu. Mmoja alisema kocha amewachosha vijana kwa mazoezi, mwingine akasema kocha hawafanyishi mazoezi kabisa, wakakaribia kushikana mashati. Mzee Sadiki, jirani yangu anayeuza vitenge na shabiki wa timu hii tangu sisi wengine tulipokuwa bado Congo, ndiye pekee aliyezungumza taratibu.

"Kosa iko kwa babeki," alisema. "Ile mutoto balimupigia mipira kumi na moja, akatoa munane. Nani mwengine alifanya kazi leo?"

"Mzee, wacha hesabu," akajibu Claude, dereva wa taksi-moto, mtu wa maneno mengi na simu mkononi muda wote. "Ule wa tatu hata maman yangu angeukamata, na macho hayaone."

Na mimi, kwa kuwa kile kicheko cha Gashonga bado kilikuwa kinaniwasha, nikadakia, "Beki anaweza kukosa, kocha anaweza kukosa. Gardie wa goli akikosa, njo amekufa!"

"Kama amekufa, utangaze, Papa Neema," Claude akasema. "Si njo kazi yako?"

Wote wakapiga makofi. Tangaza, tangaza. Ningeweza kusema hapana na kurudi kwenye cherehani yangu, kulikuwa na sketi ya watu inanisubiri pale, lakini niliona macho yote yananitazama na nikasikia utamu. Nikasimama, nikavua kofia, nikakunjua kipande cha kitambaa mbele yangu kama karatasi, na nikaitoa sauti. Si ya kuigiza, la. Niliitoa yenyewe, ya Jumapili.

"Familia ya Maman Fiston wa hapa Kamembe inasikitika kuwatangazia ndugu, marafiki na jirani, kifo cha mtoto wao mpendwa Fiston, kilichotokea ghafla leo saa tisa kasoro."

Nikanyamaza pale kidogo, kama ninavyofanya kanisani ili watu wapate pumzi. Halafu ndiyo nikaendelea na mzaha: kwamba marehemu alipitiwa na mpira katikati ya miguu, kwamba ameacha mabeki wanne yatima, kwamba mwili utaendelea kusimama golini mpaka mwisho wa msimu. Watu walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Claude alikuwa amenyoosha simu, amerekodi kila kitu. Mzee Sadiki hakucheka. Aliniambia, "Papa Neema, ile maneno iko muzito," akaingia dukani kwake, na mimi nikajiambia mzee huyu hajui utani.

Claude akaituma rekodi kwa wenzake wa taksi-moto. Hakuwa na nia mbaya, na sitamsingizia, sauti ilikuwa yangu.

Nikaenda nyumbani nikiwa nimepoa moyo, nikala viazi vyangu, nikajinyoosha. Haikupita saa moja mke wangu akatoka chumbani amefunga kitenge kichwani, na sufuria ya maharage mkononi, uso umemshuka.

"Ju ya nini hukuniambia kama Fiston alikufa?"

"Nani amekuambia amekufa?"

"Njo wewe," akasema, akanionyesha simu.

Jirani yake alikuwa amemtumia, na jirani alitumiwa na shemeji yake, na wote walikuwa wamesikiliza mwanzo tu wakaanza kutafuta vitenge. Nikavaa viatu bila soksi nikakimbia kwenda kwa Maman Fiston, kule juu upande wa uwanja wa ndege, na kabla sijafika nikasikia wimbo. Ule wa msiba. Turubai lilikuwa limeshafungwa, mabenchi ya kanisa yameshafika (ajabu, tukiyataka kwa harusi tunayangoja siku mbili), moto umewashwa nje, na akina mama wamekaa chini wamenyoosha miguu.

Waliponiona wimbo ukakatika. Wakanigeukia wote wakingoja, kwa sababu mimi nikisimama mahali pa msiba maana yake nina ratiba ya kusoma. Nikasema, "Ndugu zangu," basi, maneno hayo mawili tu, na kilio kikaanza upya. Nikapaza sauti kwamba kijana hajafa, ulikuwa mchezo, ulikuwa mpira, na kadiri nilivyopaza ndivyo walivyolia. Mwishowe wachache waliokuwa mbele wakanielewa, wakanyamazisha wengine, na mama mmoja mtu mzima akaniuliza, "Sasa kama hakukufa, iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Simu ya Fiston ilikuwa imezimwa. Mtu akasema alimwona baada ya mechi akishuka peke yake kuelekea ziwani, na jezi bado mwilini, hasalimii watu. Nilifikiria ule mpira katikati ya miguu, na kicheko cha uwanja mzima, na kijana wa miaka ishirini anayeshuka ziwani peke yake, na nikaanza kuogopa kwamba huenda sikuongopa, nilitangulia tu. Nilikaa kwenye benchi lile la kanisa nikaomba. Sijawahi kuomba namna ile kabla wala baadaye.

Hapo ndipo ikafika taksi-moto kutoka Ruhwa. Maman Fiston alikuwa huko mpakani mwa Burundi tangu Ijumaa, anauza mawese. Dereva mmoja wa huko alikuwa akiwachekesha wenzake kwa ile rekodi, mama akiwa hatua tatu tu kutoka pale, akasikia. Aliacha madumu yake wazi barabarani, akapanda pikipiki akaja. Alishuka na kiatu kimoja. Akaona turubai, akaona mabenchi, akaona watu wote wale, na chochote alichokuwa amebakiza moyoni kikaisha pale pale. Hakulia. Alinitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimesimama, akauliza kwa upole:

"Mulimuweka wapi?"

Mimi wa sauti nzito, mimi wa miaka tisa, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu.

Wengine wakaanza kumweleza wote kwa pamoja, yeye anatikisa kichwa tu, hasikii, na katikati ya ghasia ile tukasikia mtu anapanda mbio kutoka chini ya kilima akipiga kelele, "Maman! Maman!" Alikuwa Fiston. Alikuwa amekaa ziwani mpaka aibu ikapungua, akapanda kurudi, na kutoka mbali akaona turubai kwao na kusikia vilio, na kwa kuwa wanaishi wawili tu na mama yake alikuwa safarini, alijua ni mama amekufa njiani. Alipita katikati ya watu bila kuwaona. Wakakutana pale karibu na moto, kila mmoja alikuwa ameshampoteza mwenzake moyoni, wakashikana na kuanguka chini pamoja. Mama alikuwa amemkamata mgongoni kwa nguvu hata ile namba moja niliyoishona mwenyewe ikaanza kufumuka chini ya vidole vyake. Nililia. Watu wote walilia, safari hii kwa sababu.

Ningenyamaza hapo ningebaki na aibu ndogo. Lakini ujinga wangu haukuwa umeisha, nikasogea nikasema, "Maman, unisamehe, lakini kule mwisho ilikuwa mchezo. Hukusikiliza mpaka mwisho."

Akaniangalia kutoka pale chini. "Papa Neema, ulishawahi kusikia jina ya mutoto yako, halafu ukaendelea kusikiliza?" Halafu akasema, "Bwana yangu alipokufa, njo wewe ulisoma. Maneno ilikuwa ile ile. Kama ingekuwa sauti ya Claude, ningeuliza kwanza. Yako sikuuliza."



Akaniomba kitu kimoja tu: kesho yake, kanisani, nisome kwamba mtoto wake ni mzima, kwa sauti ile ile, ili wote waliosikia lile wasikie na hili. Mchungaji akakubali. Nikasimama Jumapili na daftari, nikaanza, "Familia ya Maman Fiston," na hapo hapo akina mama wakashika kichwa, nikaendelea, "inawatangazia ndugu, marafiki na jirani kwamba mtoto wao mpendwa Fiston," na nusu ya kanisa ikaguna, "yu hai." Kanisa likalipuka kwa kicheko. Mchungaji mwenyewe alijificha nyuma ya Biblia. Maman Fiston, benchi la tatu, hakucheka. Alikuwa amefumba macho na midomo inafuata maneno yangu moja moja mpaka lile la mwisho, na baada ya lile la mwisho akapumua.

Fiston hakuwepo. Alisimama golini mara mbili tu baada ya siku ile. Mashabiki wetu wenyewe, walewale wa kibarazani, walikuwa wameshampa jina jipya, wanamwita Marehemu, na kila akigusa mpira mtu anaimba kipande cha wimbo wa msiba. Akavua ganti zake, zile glavu za golini, akavuka kwenda Bukavu kwa mjomba wake, sasa anachomelea vyuma. Tukapata golikipa mwingine. Mechi ya marudiano Gashonga walitufunga tano, na kibarazani watu wakasema, afadhali Fiston. Mzee Sadiki alinitazama, akaingia dukani kwake, na ningependelea angenitukana.

Daftari la matangazo nililirudisha mwenyewe. Mchungaji aliniambia pumzika kidogo, Papa Neema, na nimeelewa ni kidogo cha namna gani. Nimeapa kwamba sauti ile sitaitoa tena kwa mchezo, hata kwa kuku, na jina la mtu aliye hai sitaliweka karibu na neno kifo hata mkinibembeleza mpaka asubuhi. Mpira naangalia bado. Tukifungwa nashona.

Maman Fiston tunakutana njiani mara kwa mara, yeye akienda Ruhwa au akirudi. Mara ya kwanza nilifungua mdomo kumsalimu, akainua mkono haraka.

"Unisalimie na mukono tu, Papa Neema," akasema. "Mutoto yangu iko mbali. Nikisikia sauti yako, ninaanza kungojea jina."

Basi tunapeana mikono, mimi na yeye, kimya, halafu kila mtu anaendelea na njia yake.