Fundi Kufuli na Mtambo Usiouliza

Mdogo wangu, ambaye soko zima linamwita Fundi Kufuli, ana mkono mwepesi na mdomo mzito. Mwenye mkono mwepesi na maneno mengi huitwa hodari. Mwenye mkono mwepesi asiyejieleza huitwa mwizi. Nilimwonya hivyo tangu alipoanza kuchokonoa kitasa cha kabati la mama kwa waya. Akacheka, akaendelea kuchokonoa.

Meza yake iko mbele ya duka langu la misumari, bawaba na vitasa. Tunaelewana: mimi nauza kufuli, yeye analipachika, mteja akija kulalamika kila mmoja anamsingizia mwenzake.

Ana desturi zake. Ukipoteza ufunguo akaja kukufungulia nyumba, akisikia kitasa kimelegea huuacha mlango hivyo hivyo, hukupa mgongo na kuketi kwenye ngazi akitazama barabara. Kuusukuma ni kazi yako. "Mlango wangu, cha ndani chako," husema, na hiyo kwake ni hotuba. Duka likivunjwa, ndiye wa kwanza kuitwa asubuhi. Hupachika kufuli jipya, na lile lililokatwa huondoka nalo, maana tumboni mwake mna springi za kutengenezea mengine. Huyatupia kwenye ndoo chini ya meza.

Ndipo polisi wetu wakapata kamera. Zikatundikwa kwenye nguzo kuzunguka soko na mbele ya kituo, na mkuu wa kituo akaja kutuhutubia. Mtambo unatambua nyuso, alisema, unakumbuka nani alikuwa wapi, na haudanganyiki. Nikamuuliza kama unaona usiku.

"Taa za barabarani zikitengenezwa, utaona."

Nimenunua vitu vibovu vya kutosha maishani kujua maana ya neno "zikitengenezwa" mdomoni mwa muuzaji. Wezi nao walilijua. Wakaendelea kuja usiku.

Asubuhi moja, soko limejaa, askari wawili wakamwinua mdogo wangu kwenye kigoda, wakamtia pingu. Mmoja akabeba ile ndoo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mama wa duka la dawa, ambaye milango yake yote ilipachikwa kufuli na mdogo wangu, alikuwa amesimama pale pale. Kabla jua halijapanda vizuri alikuwa dukani kwangu akitaka makufuli ya aina nyingine.

"Yale ya zamani yana kosa gani?"

"Hayana kosa, Mama Misumari. Ila yule anayajua. Na wewe unanielewa."

Nilimwelewa, nikamuuzia. Lakini moyoni nilishapiga hesabu: fundi wa kufuli akishaitwa mwizi, mlango mmoja ukimkataa, yote itamkataa. Atabadili kazi au atahama, na kazi nyingine hajui. Nikafunga duka, nikaenda kituoni.

Askari wa mitambo alinikaribisha kwenye skrini yake kwa fahari, kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

"Tazama mwenyewe, mama. Kila duka lililovunjwa, huyu hapa. Mtambo umempa alama nyekundu."

"Hapa ni saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na duka lilivunjwa lini?"

"Usiku."

"Kwa hiyo anaiba usiku, kisha anarudi asubuhi kupachika kufuli jipya, na mwenye duka anamshikia nyundo."

"Na ndoo je? Ndoo nzima ya makufuli yaliyokatwa. Vile ni vielelezo."

"Mwanangu, kwa fundi viatu utakuta viatu vibovu. Mkamateni naye kwa kuvunja watu miguu."

Mkuu wa kituo alikuwa ameingia, akasimama nyuma yetu. "Mliwauliza wenye maduka?" akamuuliza askari wake.

"Mkuu, mtambo hauna sehemu ya kuuliza."

Mkuu akajipangusa uso kwa kiganja. Akaniambia nimchukue ndugu yangu, yameisha.

"Hayajaisha, afande. Mmemtoa kwa pingu mbele ya soko, mnanirudishia kwa mlango wa nyuma?"

"Unataka nikaombe radhi sokoni?"

"Radhi yako haimpi mtu mlango. Hebu niambie, chumba hiki mnakifunga na nini?"

Sote tukatazama. Chumba chenye macho ya mji mzima kilifungwa kwa kipande cha waya kilichozungushwa kwenye msumari.

"Kesho uje mezani kwake mwenyewe, na sare yako," nikasema. "Umwambie, kwa sauti, aje akufungie kitasa hapa. Polisi wakimpa mlango wao, nani atamnyima wake? Kitasa kitatoka dukani kwangu."

"Utanipunguzia."

"Nimeshapunguza. Ule waya wenu sijausema sokoni."

Siku ya pili akaja, na sare na tumbo na sauti yote. Mdogo wangu akamsikiliza hadi mwisho. "Ndoo kwanza," akasema.

Ndoo ikarudishwa, tukaenda, na nusu ya soko nyuma yetu. Fundi alipomaliza kupachika kitasa, akauacha mlango, akawapa mgongo, akaketi kwenye ngazi ya kituo akitazama barabara. Ndani mtambo ukaanza kulia. Askari akatoka mbio.

"Mkuu, mtuhumiwa yuko kituoni."

"Uzime huo."

"Hatukufundishwa kuuzima, mkuu."

Watu walicheka hadi wengine wakashika ukuta. Mdogo wangu hakugeuka.

Jioni mama wa duka la dawa akaja na funguo zake zote, akaziweka mezani kwa fundi wake. Kisha akaingia kwangu na yale makufuli mapya, bado yamo kwenye maboksi yake, akauliza kama napokea vitu vilivyorudishwa.

Sipokei.