Mistari Nyuma ya Kioo cha Maji

Zabron Anyosisye ana miaka sabini na tano. Kila alfajiri hutoka nyumbani kwake Ruanda, wilayani Mbozi, akaenda kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya parachichi, na jambo la kwanza analofanya huko si kuwasha moto. Anatazama maji ya boila, tangi la chuma la kuzalisha mvuke. Ukimsemesha kabla hajamaliza, hatakujibu. Ni jirani yangu kwa miaka thelathini na sitaki kumsifu kupita kiasi: ni mbishi, ugoro haumtoki puani, na kanisani husinzia tangu sala ya kwanza. Lakini siku hizi kila anayeshika bisibisi anaitwa fundi, na simjui mwingine huku kwetu anayeitwa hivyo bila mimi kucheka.

Kazi hiyo hakuifunzwa hapa. Huku kwetu tuliletewa reli yenye injini za dizeli tangu siku ya kwanza. Mwaka 1968 Zabron alitoka milima ya Ileje, akapanda lori kupitia Chunya mpaka Itigi, na kutoka hapo treni mpaka Tabora. Huko alikuta injini za mvuke zilizoundwa Uingereza, nzito, zenye magurudumu manane makubwa ya kuvutia. Hazikuchagua kazi. Leo zilivuta pamba na saruji, kesho abiria, na siku nyingine vyote kwa pamoja, mbuzi mbele na maharusi nyuma. Zilikuwa na majina ya makabila ubavuni. Zabron hakuwahi kukutana na yenye jina la Wandali, kabila lake, na mpaka leo analihesabu hilo kuwa dharau.

Alikuwa mchochea moto. Dereva wake alimwambia kwamba treni ikichelewa watu watanuna, lakini boila likiishiwa maji hakuna atakayebaki wa kununa. Ubavuni mwa boila kuna mrija wa kioo, na maji husimama humo sawasawa na yalivyo ndani. Ubaya wake ni kwamba kioo kilichojaa hadi juu na kioo kitupu vinafanana kabisa. Kwa hiyo Waingereza waliweka nyuma yake ubao wa mistari myeusi na myeupe iliyochorwa mshazari, yote ikiinamia upande mmoja. Penye maji, mistari huonekana imeinamia upande wa pili; pasipo maji hubaki ilivyo. Basi. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kuisoma.

Injini zile ziliegeshwa, zikaota kutu, zikakatwa vyuma chakavu. Zabron akarudi kulima kahawa. Hakushika tena moto wa maana mpaka Mwasiti, mfanyabiashara wa Tunduma mwenye malori, alipofungua kiwanda na kununua boila lililotumika kutoka ng'ambo ya mpaka. Zabron alichora mistari kwenye kipande cha bati, akakifunga nyuma ya kioo, na akawa kijana tena. Mkewe, Restuta, aliniambia kwamba mzee ameacha hata kulalamika mgongo.

Mwaka jana Mwasiti akaajiri fundi mwenye cheti, Felix, mtu wa miaka thelathini na minne, mpole, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Siku ya kuja wanunuzi kutoka Zambia, Felix aliwahi kabla ya Zabron. Jioni iliyotangulia alikuwa amepaka kila kitu rangi nyeupe ili kipendeze, na lile bati la mistari nalo. Asubuhi akaona kioo kiko safi, akaamini kimejaa, akawasha moto.

Zabron alifika nusu saa baadaye. Alipoona bati jeupe alikwenda moja kwa moja kwenye kioo. Alifungua kibomba cha kutolea maji kilicho chini yake. Halikutoka tone. Koki ya chini ya boila ilikuwa imevuja usiku kucha hadi kulikausha.

Felix akakimbilia swichi ya pampu. Zabron akamkamata mkono.

"Maji baridi kwenye chuma chekundu? Unataka lipasuke wakatuokote Vwawa?"

Aliwatoa wote nje. Yeye akabaki ndani, akavuta kuni moja moja kwa koleo na kuzifukia mchangani, kisha akatoka na kukaa juu ya kreti. Boila likaachwa lipoe lenyewe. Wanunuzi walifika, wakangoja, wakaondoka.

Mwasiti alifika na hasira, na ana haki, ni mali yake. "Mzee Zabron, nani amezima moto wangu?"

"Mimi."

Felix alikuwa amesimama palepale akitazama viatu vyake. Mwasiti akamwambia mzee akapumzike nyumbani, na kila mtu pale alielewa maana yake. Zabron akachukua kopo lake la uji.

Siku mbili alishinda nyumbani. Restuta anasema mgongo ulirudi siku hiyohiyo. Nilimwita mjinga kwa kumfichia Felix kosa lake, akanijibu kwamba kwenye injini kosa ni la wote walio juu yake.

Siku ya tatu alikuja Felix kwa miguu, akiwa na kopo la rangi nyeusi. Alikuwa amemweleza Mwasiti yote asubuhi ile, mbele ya wafanyakazi, na Mwasiti ndiye aliyemtuma.

"Babu, ile mistari ni kitu kweli," alisema. "Nimeikuta kwenye simu."

"Mimi niliikuta kwenye injini."

Felix akamwomba waende akaichore tena. Zabron alivaa koti, akaongozana naye, na mimi nikafuata kwa sababu sikuwa na kazi. Walipofika mbele ya kioo Felix akamnyooshea brashi. Mzee hakuipokea. Alivuta lile kreti, akakaa.

"Chora wewe," alisema. "Nitakuonyesha upana."