Bi Mwantum, Mzishi wa Ndege wa Mikandaani

Saa moja asubuhi maji yamekupwa, na Mwantum Hemedy amezama kwenye tope hadi magotini. Khanga moja ameikaza kiunoni, nyingine kajitanda kichwani. Mkononi ana kapu la ukindu. Juu yake, kwenye matawi ya mikoko, yangeyange wachache wanapiga kelele, wanaruka, wanarudi, hawatulii.

Anaokota kinda lililoanguka. Anapapasa kwenye mizizi na kutoa jingine. Mayai nayo yapo. Mengine yamebonyea yenyewe, maganda yake membamba kama ngozi ya kitunguu. Yote anayatia kapuni.

Anaporudi nchi kavu anachukua jembe, anachimba shimo la kina na kuwafukia wote pamoja. Hakuna anayemlipa kwa kazi hii. Hakuna hata aliyemtuma.

"Usidhani nawalilia, mwanangu," anamwambia mwandishi aliyemfuata, huku akishindilia udongo kwa kisigino. "Nisipowafukia, kuku watawadonoa. Kuku tutawala sisi. Sasa hiyo sumu itazunguka mpaka lini?"

Mikandaani ni kitongoji kidogo ndani ya delta ya Rufiji, mahali ambapo mto unagawanyika na kupotelea katikati ya mikoko. Anayetaka kufika barabara kuu hupanda mtumbwi kwanza, kisha hutembea. Mwantum, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alizaliwa hapa, akaolewa hapa, akaachika hapa. Alimlea binti yake wa pekee, Hadija, kwa mpunga na kwa uduvi aliotanda mtoni kwa kipande cha nguo pamoja na wanawake wenzake.

Mwaka 1994 walikuja watafiti. Kiongozi wao alikuwa Dk. Eufrasia Ndunguru, mwanamke wa Mbinga, mpole wa maneno na mwoga wa mitumbwi. Walitaka kujua kwa nini ndege wanaokula samaki walikuwa wakipungua katika delta. Walimwajiri Mwantum awapikie.

Haukupita muda mrefu mpishi akawa mkusanyaji wa sampuli. Alileta mayai, samaki, kamba na tope la mtoni. Vyote viliwekwa kwenye deli lenye barafu na kusafirishwa hadi maabara jijini Dar es Salaam.

"Nilifurahi, sikufichi," anasema. "Mtu kama mimi kupata mshahara wa kila mwezi! Nikaezeka nyumba kwa bati. Wakanipa na jina, Bi Sampuli. Nikipita njiani watoto wanaliimba."

Kilichokuwa kikiua ndege hakikuwa siri kubwa. Tangu biashara iwe ruksa, wanunuzi wa kamba walikuwa wakiingia delta na madeli yao, kila mmoja akiongeza bei ili kumpiku mwenzake. Kilo ya kamba iliweza kununua kilo kadhaa za unga. Wakati huohuo ushirika ulikuwa umekufa, na dawa ya kuulia wadudu wa pamba, ambayo zamani ilitolewa na bwana shamba kwa kipimo, sasa iliuzwa madukani karibu na sukari na sabuni.

Vijana wakagundua njia ya mkato. Unaziba kijito wakati maji yanatoka, unamwaga dawa, unasubiri kidogo. Kamba wanaelea wenyewe. Samaki wadogo nao wanageuka matumbo juu, na ndege wanashuka kula.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Sadallah, mume wa Hadija.

Mwantum anasema alijua mapema, lakini mkwe ni mtu wa heshima. Mama mkwe hamkabili mkwewe hovyo. Siku moja alijikaza, akamwita uani.

"Nikamwambia, baba, hayo maji ndiyo mkeo anayapikia."

"Akasemaje?" mwandishi anauliza.

"Akainamisha kichwa. Akasema, mama, nikiacha mimi wataacha wote? Nikiacha peke yangu nitakuwa nimechagua njaa tu, na sumu nitainywa palepale."



Mwaka 1996 Dk. Eufrasia aliomba jambo jipya. Sumu ilikuwa imeonekana kwa samaki, kwa kamba na kwenye mayai ya ndege. Sasa walitaka kujua kama imewafikia watu, na mahali rahisi pa kuipima ni maziwa ya mama. Akina mama wa Mikandaani walikataa kata kata. Maziwa ya mtu kwenda kupimwa mjini, nani anajua yatafanyiwa nini?

Mwantum alipita nyumba hadi nyumba. Ili wamwamini, alianza na binti yake mwenyewe. Hadija wakati huo alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa kwanza, msichana aliyeitwa Zena, aliyekuwa ndio kwanza anaanza kukaa. Hadija alipokubali, wenzake wakakubali.

Majibu yalirudi baada ya masika. Dk. Eufrasia alimketisha Mwantum jikoni kwenye kambi ya watafiti, akamwambia peke yake kwanza. Sumu ilikuwemo katika maziwa ya kila mama aliyepimwa.

"Nikamuuliza, Dokta, tuwaachishe watoto?" anakumbuka Mwantum. "Akanishika mkono. Akasema hapana, Bi Mwantum, tena nakuomba uwaeleze vizuri. Waendelee kunyonyesha. Hiyo sumu ni kidogo na inadhuru taratibu. Maji ya kisima na uji mtupu vinaua mtoto kwa siku chache."

Mwantum alilibeba neno hilo kama alivyopewa. Anasema alilirudia njia nzima asije akakosea. Akina mama walikusanyika barazani kwake, akawaeleza: imo, lakini msiache. Wengine walilia, wengine walimtukana, wengine wakaenda zao kimya.

Hadija alibaki nyuma.

"Mama," alimuuliza, "kwa hiyo nimpe mwanangu huku najua?"

"Mpe, mwanangu. Dokta kasema."

"Dokta ana mtoto anayenyonya?"

Mwantum alisema hana. Hadija akamfunga Zena mgongoni, akaondoka.

Hakumwambia mtu. Alianza kumpa mtoto uji wa muhogo, na usiku akijikamua na kumwaga uani. Mwantum aligundua alipoona mtoto amelegea na macho yameingia ndani. Kuhara kulikuwa kumeanza siku kadhaa nyuma. Walimnywesha maji ya chumvi na sukari, wakamkimbiza kwa mtumbwi kuelekea zahanati ya ng'ambo. Maji yalikuwa yametoka, mtumbwi ukakwama topeni. Mwantum na Sadallah walishuka, wakausukuma, tope likiwafika kifuani. Zena alikata roho mapajani mwa mama yake kabla hawajafika.

Joachim Mbawala, mganga wa zahanati hiyo, anawakumbuka walivyoingia na mtoto aliyekwisha kufa.

"Siwezi kukuambia sumu ilimuua," anasema. "Kuhara ndiko kulikomuua, na kuhara nakuona kila wiki. Lakini na mimi sijui ningewaambiaje wale akina mama. Ukificha, unawadanganya. Ukisema, wanaogopa. Nimelifikiria sana hilo, sijapata jibu."

Baada ya arobaini ya mtoto, serikali ya kitongoji iliitisha mkutano kuhusu sumu. Mwantum alisimama. Alisema amechoka kuwaheshimu watu wanaowalisha watoto sumu, kisha akamtaja Sadallah kwa jina mbele ya wote. Watu waliguna. Mama mkwe kumtaja mkwewe hadharani ni jambo ambalo Mikandaani hawakuwahi kulisikia.

Sadallah alisimama taratibu. Hakukana.

"Ni kweli mama, nimemwaga dawa," alisema. "Nimemwaga mimi, na wamemwaga wengi waliokaa hapa. Lakini aliyemwachisha mwanangu ziwa si mimi. Ni maneno yako."

Mwantum alikaa chini, na mkutano ukaisha bila azimio lolote.

Yaliyofuata hayakuleta nafuu. Habari za sumu ziliwafikia wanunuzi wa kamba, nao wakahamia vijito vingine. Kwa miezi kadhaa hakuna deli lililoonekana Mikandaani, hata kwa wale waliokuwa wakivua kwa nyavu halali. Watu walimlaumu Mwantum kwamba amewafungia soko. Wanunuzi waliporudi, walirudi na bei ya chini, na wavuvi wakafidia kwa kumwaga dawa zaidi.

Mwishoni mwa mwaka huo fedha za utafiti zilikwisha. Deli, boti na mahema viliondoka. Dk. Eufrasia alimkumbatia Mwantum ufukweni, akaahidi kwamba ripoti itafika panapohusika.

Alipotafutwa jijini, Dk. Eufrasia alisema ripoti imefika. "Imepokelewa vizuri," alisema. "Mimi nilipeleka majibu kwa sababu ni haki yao kuyajua. Bado naamini hivyo. Lakini mtoto yule simsahau. Yangeyange tuliowahesabu mwaka wa kwanza, ukienda leo hutakuta hata robo yao, na sina pa kuomba nauli ya kurudi kuwatazama."

Siku hizi Mwantum anaishi peke yake chini ya bati lake. Hakuna tena anayeimba Bi Sampuli. Akipita mahali mama ananyonyesha, mama huyo hujifunika khanga na kugeukia ukutani.

"Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote," anasema. "Wanadhani nikiwatazama maziwa yatakauka. Na mimi nataka kuwaambia tu, nyonyesheni. Neno ni lilelile tangu siku ya kwanza, nyonyesheni. Lakini kinywa changu hakina thamani tena."

Samaki wa mtoni hali. Anakula kunde, mchicha na wali, na anakiri kwamba hajui kama kuna faida. Maji anayopikia ni yaleyale. Makinda ataendelea kuyafukia, anasema, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee aliyobakiwa nayo isiyomdhuru mtu.

Hata hivyo ana mpango mmoja. Hadija ni mjamzito tena. Hawajazungumza mama na mwana tangu siku ya mkutano, ingawa nyumba zao zinaonana. Mwantum ana dada yake, Mwanamkuu, mwenye shamba Umwe, mbali na vijito vya delta. Anataka Hadija akajifungulie huko, akae hadi mtoto akue.

"Leo nitamwambia," anasema. "Nimekuwa nasema leo tangu mwezi uliopita. Lakini leo upo wewe, nitaona haya kurudi njiani."

Hadija yuko barazani kwake juu ya mkeka, anasuka ukili, miguu kainyoosha mbele ya tumbo lake kubwa. Anamwona mama yake anakuja na haondoki. Mwantum anasimama upenuni, anasalimia, anasema yote kwa pumzi moja: Umwe, mama mkubwa, chumba kipo, mumeo nimemwomba na hajakataa.

Hadija anaendelea kusuka. Hatimaye anauliza bila kuinua macho.

"Mama, huko Umwe hawapulizii dawa mikorosho?"

Mwantum anaangalia mikono yake. Angeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angembishia.

"Wanapulizia," anasema.

Vidole vya Hadija vinasimama kwenye ukili. Kisha anakusanya miguu yake, polepole kwa sababu ya tumbo, na kusogea upande mmoja wa mkeka.

"Kaa, mama," anasema. "Jua kali."